Mwenye nguvu mpishe si sheria ya barabara

MWENYE nguvu mpishe, walinena wahenga. Katika barabara za Kenya, wosia huo wa tahadhari umegeuzwa kuwa kanuni ya usafiri. Gari dogo hupisha matatu, matatu hupisha lori, na mtembea kwa miguu huwapisha wote.

Hata hivyo, yuko dereva asiyeridhika kwa kupishwa. Huyu hulifuata gari lililo mbele yake kwa karibu mno huku akiwasha taa kali na kupiga honi mfululizo. Akishalipita, hulikingama na kufunga breki ghafla ili kumtia mwenzake adabu. Msongamano ukizidi hupanda njia ya wapitanjia, au hushika upande wa magari yanayotoka mbele na kuwalazimisha wenye haki ya njia kuingia mtaroni. Akiulizwa, hushuka na spana mkononi.

Huyo hajaghafilika. Kughafilika ni udhaifu wa kila binadamu, na sheria ina kifungu chake. Dereva huyu ameamua kulitumia gari lake kumtisha mwenzake. Tofauti hiyo kati ya kosa la kutotahadhari na ukorofi wa kukusudia ndiyo ambayo mara nyingi hupuuzwa mlalamishi anapofika kituoni.

Hapo ndipo tatizo la pili huzuka. Aliyetishwa barabarani husimama mbele ya meza ya kituo cha polisi akiwa na nambari ya usajili aliyoiandika upesi kwenye kipande cha karatasi. Jibu analopewa aghalabu huwa ni kwamba aende kituo kingine, arudi kesho, au atafute namna ya kuelewana na dereva huyo.

Gharama ya mazoea hayo si hasira pekee. Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, zinaonyesha kwamba watu 4,324 walifariki katika ajali za barabarani nchini mwaka 2023. Mwaka uliofuata, 2024, idadi hiyo ilipanda hadi 4,748. Watembea kwa miguu ndio wanaoongoza katika orodha hiyo ya maafa, ilhali wao hawaendeshi chochote.

Si kila kifo miongoni mwa hivyo kilitokana na ukorofi. Lakini dereva anayevunja sheria kila siku bila kuguswa huendelea kuivunja hadi siku atakapoua, na siku hiyo ndipo faili lake la kwanza hufunguliwa.

SHERIA YASEMAJE?

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haikuuacha ukorofi huu bila jina. Kifungu cha 47 kinamtia hatiani mtu yeyote anayeendesha gari bila kujali, au kwa kasi au namna iliyo hatari kwa umma. Mahakama hutakiwa kutazama hali yote ilivyokuwa: aina ya barabara, matumizi yake na wingi wa magari wakati huo. Anayepatikana na hatia kwa mara ya kwanza anakabiliwa na faini isiyozidi Sh100,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba kifungu hicho hakidai pawe na ajali. Hakisemi lazima mtu aumie, wala gari libonyee. Hatari yenyewe ndiyo kosa.

Kifungu cha 49 kinahusu dereva asiyetahadhari au asiyewajali watumiaji wengine wa barabara. Kifungu cha 46 kinahusu anayesababisha kifo kwa kuendesha gari kwa njia ya hatari, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 10.

Mwaka 2012, Bunge liliifanyia sheria hiyo marekebisho na kuongeza kifungu cha 45A, kinachowalenga madereva wanaopitisha magari kwenye njia za wapitanjia. Adhabu ya kosa la kwanza ni faini isiyozidi Sh30,000, kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili.

Kifungu cha 73 kinamlazimu dereva aliyehusika katika ajali kusimama na kutoa jina lake, anwani yake na maelezo ya gari kwa mtu mwenye haki ya kuyataka. Asipofanya hivyo mahali pa tukio, anatakiwa kupiga ripoti kwa polisi mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote vile kabla ya saa 24 kupita.

Mlango huo wa kupiga ripoti kituoni una umuhimu wake. Wako madereva waliohofia kuuawa na umati baada ya kugonga mtu, wakakimbilia kituo cha polisi. Sheria inamtambua dereva wa aina hiyo. Isiyemtambua ni yule anayetoroka na kunyamaza.

Zaidi ya hayo, sheria inawapa polisi uwezo wa kumtaka mmiliki wa gari aeleze ni nani aliyekuwa akiliendesha wakati fulani. Kwa hivyo, mlalamishi mwenye nambari ya usajili pekee hakuja mikono mitupu. Ameleta mwanzo wa uchunguzi.

Mkorofi akishuka garini, sheria nyingine huanza kutumika. Chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kumpiga mtu na kumjeruhi ni kosa ambalo adhabu yake ni hadi kifungo cha miaka mitano. Kuharibu mali ya mtu kwa makusudi, kama vile kuvunja kioo cha pembeni kwa rungu, nako kuna adhabu ya hadi miaka mitano. Vitisho pia ni kosa linalojitegemea.

KWA NINI MSAADA NI ADIMU?

Ikiwa sheria ni pana kiasi hicho, kwa nini mlalamishi hurudi nyumbani bila msaada? Sababu ni kadhaa, na si zote zinazotokana na nia mbaya.

Kwanza, utaratibu wa polisi umejengwa juu ya ajali iliyokwisha kutokea. Aliyeumizwa hupewa fomu ya P3 ili daktari aijaze. Aliyegongewa gari hupewa stakabadhi ya polisi ya kupelekea kampuni ya bima. Aliyekoswakoswa na lori lililomsukuma hadi ukingoni mwa barabara hana fomu yake. Hana damu ya kuonyesha wala bodi iliyobonyea, na afisa wa zamu, ambaye meza yake imejaa visa vya wizi na mapigano, huliona lalamishi hilo kuwa domo tupu.

Pili, kuna mvutano wa majukumu ndani ya kituo chenyewe. Afisa wa zamu humwelekeza mlalamishi kwa maafisa wa trafiki kwa kuwa jambo linahusu magari. Wa trafiki naye humrudisha kwa afisa wa zamu kwa kuwa hapakuwa na ajali. Mlalamishi anayezungushwa mara mbili au tatu kwa namna hiyo hukata tamaa.

Tatu, barabara hazifuati mipaka ya vituo. Anayesumbuliwa katika barabara ya Thika anaweza kukingamwa Kasarani, akatukanwa Githurai na kugongwa Ruiru, katika safari moja inayotoka Kaunti ya Nairobi na kuingia Kaunti ya Kiambu. Kila kituo huwa na sababu ya kudai kwamba tukio lilikuwa la wenzao.

Nne, afisa hakuwapo. Makosa mengi ya trafiki hunaswa pale tu yanapotendeka mbele ya askari. Dereva mkorofi huyajua maeneo ya vizuizi vya polisi kama ayajuavyo matuta ya barabara. Akiyakaribia hupunguza mwendo, hufunga mkanda na kurudi kwenye mstari wake. Akishayapita, huwa simba tena.

Tano, kuna ufisadi, na hakuna haja ya kulizunguka jambo hili. Katika ripoti za shirika la Transparency International kuhusu hongo Afrika Mashariki, polisi wa Kenya wametajwa mara kwa mara kuwa miongoni mwa taasisi zinazoongoza kwa kupokea mlungula. Tume ya Kitaifa ya Huduma ya Polisi ilipowapiga msasa maafisa wa trafiki mwaka 2016, rekodi za pesa zilizotumwa kwa simu zilianikwa hadharani, na baadhi ya maafisa walishindwa kueleza kwa nini wadogo walikuwa wakiwatumia wakubwa wao fedha.

Hongo hubadilisha uhusiano kati ya askari na dereva. Matatu inayotoa kitu kidogo kila asubuhi imeshalipia ukorofi wa siku nzima. Mwananchi anayekuja jioni kuishtaki matatu hiyo anaharibu mapatano asiyoyajua. Aidha, kwa miaka mingi pamekuwa na malalamiko kwamba baadhi ya maafisa wanamiliki matatu wenyewe au kupitia jamaa zao, hali inayoweka maslahi yao upande mmoja na wajibu wao upande wa pili.

Sita, kuna magari ambayo ndani yake mna polisi. Gari la mkubwa linalowasukuma wengine pembeni kwa king'ora na vimulimuli mara nyingi huwa na mlinzi mwenye bunduki. Mwananchi hujiuliza, akamshtaki polisi kwa nani?

Saba, na pengine kubwa kuliko zote, ni woga. Utingo wa matatu husafiri na wenzao, na steji zina vijana wao. Mhudumu wa bodaboda akigongwa, wenzake hukusanyika kwa dakika chache, na yamewahi kutokea magari yakateketezwa kabla haijajulikana nani alikuwa na makosa. Anayejua kwamba atapita njia hiyo hiyo kesho hufikiri mara mbili kabla ya kuandikisha taarifa.

MISAKO NA NGUVU ZA SODA

Serikali haijakaa kimya. Tatizo ni kwamba imezoea kunguruma na kisha kulala.

Februari 2004, kanuni zilizoletwa na waziri wa uchukuzi wa wakati huo, marehemu John Michuki, zilianza kutekelezwa. Matatu zilitakiwa kuwa na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama, mstari wa manjano na idadi maalumu ya abiria. Madereva na makondakta walivaa sare. Abiria wengi walitembea kwa miguu siku za mwanzo, lakini waliporejea garini waliketi kwa heshima ambayo hawakuwa wameizoea. Baada ya miaka michache, vidhibiti mwendo vilianza kuchezewa, na abiria wakarudi kuning'inia milangoni.

Mwaka 2012, sheria ya kubuni NTSA ilipitishwa, na maafisa wa mamlaka hiyo wakaanza kuonekana barabarani. Usiku wa Desemba 31, 2017, watu 36 walifariki basi na lori yalipogongana eneo la Migaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret. Januari 2018, agizo la Rais liliwaondoa maafisa wa NTSA barabarani na kuwaachia polisi wa trafiki kazi hiyo.

Novemba 12, 2018, msako mwingine ulianza chini ya waziri wa usalama wa ndani wa wakati huo, Fred Matiang'i, wa kuzirejesha zile zile kanuni za Michuki. Matatu nyingi zilijificha, maelfu ya wafanyakazi wakatembea kwa miguu, na baada ya muda hali ikarudi ilivyokuwa.

Machi 2022, video ilisambaa ikiwaonyesha wahudumu wa bodaboda wakimvamia na kumdhalilisha mwanamke aliyekuwa akiendesha gari katika barabara ya Profesa Wangari Maathai, jijini Nairobi. Nchi ilishtuka. Washukiwa walikamatwa, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza msako wa bodaboda kote nchini. Siku chache baadaye, msako huo ulisitishwa.

Kisa hicho kinafunza mambo mawili. La kwanza ni kwamba polisi wakitaka, wanaweza. Waliwatambua na kuwasaka watu ambao nyuso zao zilionekana kwa sekunde chache tu kwenye video. La pili linauma. Mtendewa ambaye kisa chake hakikurekodiwa, au ambaye video yake haikuenea, hakupata hata robo ya juhudi hizo.

Misako huwakamata wengi kwa siku chache, wakiwemo wasio na hatia, kisha hupoa. Malalamishi yanayofuatiliwa moja baada ya jingine hadi mahakamani hayapigi kelele, lakini ndiyo yanayomfunza dereva mkorofi kwamba siku zake zina hesabu.

HATUA ZA KUCHUKUA

Kanuni ya kwanza ni kutojibu ukorofi kwa ukorofi. Anayefuatwa kwa karibu na apishe mara tu nafasi inapopatikana. Anayetukanwa asishushe kioo. Anayehisi kwamba anaandamwa asielekee nyumbani, bali aendeshe hadi kituo cha polisi kilicho karibu, au kituo cha mafuta chenye watu na mwanga. Mpiganaji wa barabarani hupoteza haki yake hata kama ndiye aliyeanzwa, kwa kuwa polisi huwakuta watu wawili wanaogombana na kuwachukua wote.

Pili, nambari ya usajili ndiyo ushahidi wa kwanza, lakini haitoshi peke yake. Pamoja nayo ziandikwe saa, mahali hasa, upande gari lilikokuwa likielekea, rangi yake na, ikiwa ni matatu, jina la chama chake na njia inayohudumu. Tangu kanuni za mwaka 2014 zianze kutumika, wahudumu wa magari ya abiria wanatakiwa kuwa chini ya chama au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Chama hicho kinaweza kuitwa kujibu, na leseni yake inaweza kusimamishwa na NTSA.

Dereva asijaribu kuandika wala kupiga picha huku akiendesha. Abiria aliye naye na afanye kazi hiyo, au atulie hadi atakaposimama mahali salama.

Tatu, mashahidi watafutwe papo hapo. Mchuuzi wa kando ya barabara, abiria, dereva wa gari la nyuma: mmoja wao akikubali kutoa jina na nambari ya simu, lalamiko huacha kuwa neno la mtu mmoja dhidi ya mwingine.

Nne, picha na video zilizonaswa kwa simu au kamera ya garini zinakubalika mahakamani chini ya Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80. Kifungu cha 106B kinataka ushahidi wa aina hiyo uambatane na cheti kinachoeleza jinsi ulivyopatikana na chombo kilichotumiwa. Video isikatwe wala kupambwa, na nakala ya asili isifutwe kwenye simu.

Tano, nambari za dharura ni 999, 112 na 911. Laini ya 999 ilirejeshwa mwaka 2013 baada ya kukatika kwa miaka mingi. Anayepiga simu aseme mahali alipo kwanza, kabla ya kusimulia yaliyompata, kwa sababu simu ikikatika katikati ya masimulizi, msaada hautajua pa kwenda.

Sita, ripoti ipelekwe kituoni siku hiyo hiyo. Mlalamishi asiondoke kabla taarifa yake haijaandikwa katika kitabu cha matukio na kupewa nambari, ile maarufu kama nambari ya OB. Pasipo nambari hiyo, kisheria ni kama hakufika. Taarifa isomwe kabla ya kutiwa sahihi, na maneno yaliyogeuzwa yasahihishwe. Aliyeumizwa aende hospitalini bila kuchelewa na kudai fomu ya P3, ambayo polisi huitoa bila malipo.

Mlalamishi anayetaja kosa kwa jina lake husikizwa zaidi. Badala ya kusema tu kwamba dereva alimsumbua, na aseme kwamba anaripoti kosa la kuendesha gari kwa njia ya hatari chini ya kifungu cha 47, na kwamba anaomba mmiliki atakiwe kumtaja dereva.

POLISI WAKIKATAA

Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya mwaka 2011 inaorodhesha kazi za polisi wa Kenya katika kifungu cha 24. Jukumu linalotajwa kwanza kabisa, kabla hata ya kudumisha utulivu, ni kuwapa wananchi msaada wanapouhitaji. Nayo Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 244, inaitaka huduma hiyo izingatie weledi na nidhamu, izuie ufisadi na kukuza uwajibikaji. Kwa hivyo, kuhudumiwa kituoni si hisani.

Afisa wa zamu akikataa kuandika ripoti, mlalamishi ana haki ya kumwona mkuu wa kituo, yaani OCS. Jina la afisa au nambari yake ya kazi vinapaswa kuonekana kwenye sare, kwa kuwa sheria hiyo inamtaka kila afisa aliyevaa sare awe na kitambulisho hicho mahali panapoonekana. Kuyaandika hayo kwa utulivu, bila majibizano, mara nyingi hutosha kubadili mazungumzo.

Mkuu wa kituo asiposaidia, ziko taasisi nne za kuendea. Kitengo cha Masuala ya Ndani ya polisi hupokea malalamishi ya raia dhidi ya maafisa. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, iliyobuniwa kwa sheria ya mwaka 2011, huchunguza makosa ya polisi na inaweza kupendekeza hatua za kinidhamu au mashtaka. Tume ya Haki ya Utawala hushughulikia ucheleweshaji na uzembe wa maafisa wa umma. Palipoitishwa hongo, Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ndiyo yenye jukumu.

Kwa aliyeripoti kisha akakaa miezi bila kusikia lolote, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa silaha isiyotumiwa sana. Anaweza kuandika barua akitaka kujua hatua iliyochukuliwa kuhusu nambari yake ya OB, na asasi ya umma inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Barua yenye tarehe, na nakala yake iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, ina uzito kuliko ziara kumi za mdomo.

Iko pia njia ya mashtaka ya kibinafsi, ambapo mwananchi huomba kibali cha hakimu chini ya kifungu cha 88 cha Sheria ya Utaratibu wa Makosa ya Jinai ili aiendeshe kesi mwenyewe. Ni njia ndefu na ya gharama, lakini kuwepo kwake ni ukumbusho kwamba polisi hawana ufunguo wa pekee wa lango la mahakama.

FIDIA

Kesi ya jinai humwadhibu dereva, lakini hailazimu kurudisha kioo kilichovunjwa. Kwa hasara ya mali isiyozidi Sh1 milioni, Mahakama ya Madai Madogo inaweza kutumiwa. Mahakama hiyo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kufunguliwa Milimani, Nairobi, Aprili 2021, inatakiwa kuamua kesi ndani ya siku 60, na mlalamishi anaweza kujisimamia bila wakili.

Kwa majeraha, bima ya lazima ya watu wengine chini ya Sura ya 405 hulipa fidia isiyozidi Sh3 milioni kwa kila dai. Kesi ya madai ya aina hii inapaswa kuwasilishwa kabla ya miaka mitatu kupita. Hapa tena, nambari ya OB na stakabadhi ya polisi ndizo nguzo za kesi. Polisi aliyekataa kuandika ripoti amemnyima mwananchi haki mbili kwa mpigo: ya kuona mkosaji akiadhibiwa na ya kulipwa hasara yake.

Wapo wanaosema kwamba hatua hizi ni nyingi mno kwa mtu aliyekingamwa tu barabarani akiwahi kazini. Ni kweli, na wengi watachagua kusamehe. Lakini nambari moja ya usajili ikiwa imeandikwa mara tano katika vitabu vya vituo vitano, polisi na mahakama hawataweza kudai kwamba hawakumjua dereva huyo siku atakapokanyaga mtoto kwenye njia ya wapitanjia. Ikiwa haikuandikwa hata mara moja, atafikishwa mbele ya hakimu kama mtu asiye na doa, na wakili wake ataomba ahurumiwe kwa kuwa hilo ni kosa lake la kwanza.